Mfumo Mpya kwa Mashine ya Baba Mdogo

Kibondo, 8 Februari 1998

Mama mdogo,

Amahoro. Huku tuko wazima, tunalalamikia matope tu. Mvua za mwaka huu zimekataa kwenda zao, barabara ya kuja Kasulu imekatika bondeni mara mbili, na barua hii nampa dereva wa lori la mahindi nikimwomba asiisahau mfukoni kama alivyofanya na ile ya Krismasi. Aline anakusalimu sana. Ni mjamzito, hataki hata kusikia harufu ya dagaa, basi nyumba nzima tumeachishwa dagaa. Maharage ya huko Heru Juu vipi, yamepona au yameozea shambani?

Nina neno nataka kukuambia. Ofisi yetu imepunguza kompyuta, na zile kuukuu tumegawiwa sisi makarani. Mimi nimepata mbili. Hazina diski za ndani, yaani hazina mahali pa kutunzia kitu, na wenzangu wananicheka kwamba nimeokota sufuria zilizotoboka. Waache wacheke. Séverin, fundi wetu, Mkongo wa Uvira, amenionyesha kwamba kompyuta isiyo na diski inafanya kazi vizuri tu ikiungwa kwa waya na nyingine yenye diski. Hiyo yenye diski inakuwa ghala la wote, inatunza kazi za kila mtu na kuzigawia wenzake programu. Hapa ofisini tunaiita seva.

Na seva tunayo. Ni ile kompyuta ya marehemu Baba mdogo, iko chumba chako cha mbele chini ya kitambaa cha maua.

Nimesikia mjini kuna bwana amefungua mafunzo ya kompyuta na wanafunzi wako wanahamia kwake. Usinifiche, watu wanasafiri na habari zinasafiri nao. Mama mdogo, hakuna anayezipenda taipureta zile unazofundishia kunizidi mimi. Bado nakumbuka Baba mdogo alivyokuwa anaifunga moja kwenye karia ya baiskeli kwa mpira wa tairi, anaondoka nayo kwenda vijijini kuwapigia watu chapa barua za mashamba, na jioni unamsikia kwa kengele ya taipureta inayolia yenyewe kila baiskeli ikiruka shimo. Lakini siku hizi ofisi zikimwita mtu kwenye usaili zinauliza kompyuta. Ukiwa na mashine tatu zilizoungwa, darasa litasimama tena. Usipokuwa nazo, sioni kama litafika Krismasi.

Kitu kimoja tu cha kuamua ni mfumo endeshi, yaani ile programu kuu inayoamka kwanza na kuziendesha zote. Aliyoiweka Baba mdogo ni DOS, ni ya zamani, haijui kuhudumia wenzake. Tutachagua nyingine. Wewe ifunge mashine kwenye blanketi, umpe kondakta wa basi, mimi na Séverin tutaimaliza huku.

Mwanao anayekupenda,
Nduwayezu


Heru Juu, 1 Machi 1998

Mwanangu Nduwayezu,

Barua imefika ikiwa na harufu ya dizeli, kwa hiyo dereva wako safari hii alikuwa mwaminifu. Nimefurahi kusikia habari za Aline. Mwambie ale ndizi za kuchoma asubuhi kabla hajanyanyuka kitandani, kichefuchefu kitapungua, mimi kilinitesa hivyo hivyo kabla mimba zangu hazijaharibika. Maharage yamepona nusu. Muhogo unaendelea. Goti langu nalo linaendelea na ukaidi wake.

Mwandiko wako, mwanangu. Mtu aliyelelewa na mpiga chapa anaandika kama kuku anayetafuta mchwa? Nilisoma neno "seva" nikadhani umeandika "sera", nikajiuliza umeanza siasa lini.

Habari za wanafunzi ni kweli. Walikuwa wanajaza madawati yote, sasa wamebaki wasichana wachache ambao wazazi wao hawana nauli ya kuwapeleka mjini kila siku. Nawafundisha vile vile, na taulo juu ya mikono ili wasitazame herufi. Wanaotoka kwangu wanapiga chapa huku wanakutazama usoni. Huyo bwana wa mjini nasikia anawaacha wachokonoe kwa kidole kimoja.

Kuhusu mashine ya Baba yako mdogo, sidhani kama bado inafaa. Imekaa sana na vumbi na panya wa msimu huu unawajua. Hata sijui kama inawaka. Na barabara unasema mwenyewe kwamba imekatika, nitaikabidhi vipi kwa kondakta, iangukie matopeni? Ziache hizo mbili zako huko, labda ofisi itazihitaji.

Nisalimie Aline. Mvua ikipungua nitakutumia unga.

Mama yako mdogo,
Esteri


Kibondo, 5 Aprili 1998

Mama mdogo,

Salamu kutoka kwetu sote. Ndizi za kuchoma zimefanya kazi, Aline sasa anakula mpaka tunaogopa. Dagaa bado wamepigwa marufuku.

Wiki iliyopita alipita hapa jirani yako Niyibizi, mwenye mashine ya kusaga, akitafuta mkanda mpya. Nilimkaribisha chai, tukaongea. Nikamuuliza jenereta yake ikoje. Akasema iko safi, na kwamba hata wewe bado amekuachia ule waya aliomvutia Baba mdogo. Halafu akaniambia hivi, namnukuu: "Kila asubuhi nikiwasha tu jenereta, mama yako mdogo naye anawasha kompyuta yake. Inawaka kidogo, anazima. Sijui anafanya nini nayo, maana hapigi chapa chochote."

Kila asubuhi! Na mimi ninaambiwa vumbi na panya. Mama mdogo, ulinichapa fimbo kwa uongo mdogo kuliko huo, wa sukari iliyopungua kwenye kopo. Mimi sina fimbo, kwa hiyo nakuuliza tu. Kama hutaki, kwa nini usiseme hutaki?

Kazi yenyewe tumeshaifikiria yote. Vijana wanapenda Windows kwa sababu ina rangi, nami nilitaka hiyo. Séverin akacheka. Akasema, "Ile ni muzito, Nduwa. Ordinateur ya vieux iko na mémoire kidogo, itakufa mbele ya kuamka." Yaani kompyuta ya mzee ina kumbukumbu ndogo, itazimika kabla haijaamka. Kubaki na DOS kunahitaji programu nyingine ya kuunganisha mashine, ya kununuliwa, na hatuna pa kuinunua. Yeye anashauri Linux. Imetengenezwa na watu wa nchi mbalimbali wanaoandikiana tu, kila mmoja kwao, na wanaitoa bure. Aliachiwa CD yake na fundi mmoja Mholanzi. Kwa kuwa mashine yetu haina mahali pa kuingizia CD, ameanza kuihamishia kwenye disketi, na zimeshakuwa rundo. Ni mfumo mwepesi, usio na rangi wala mapambo, lakini hauanguki ovyo. Nimeuona ukihudumia mashine tatu kwa wakati mmoja kwenye kompyuta dhaifu kuliko yetu.

Diski ya Baba mdogo ni ndogo. Itabidi tuifute yote, tuanze upya. Kama kuna barua zake humo unazotaka kuzitunza, niambie tutazichapa kwanza.

Nitakuja mwenyewe mvua ikikatika. Nijibu upesi, tafadhali.

Nduwayezu


Heru Juu, 24 Mei 1998

Mwanangu,

Nimechelewa kujibu. Usimlaumu dereva, safari hii ni mimi. Goti limepata nafuu. Tumevuna mahindi, na Niyibizi amesaga ya kwetu kabla ya ya watu wengine, nadhani kwa sababu anajua nilivyomkasirikia kwa mdomo wake.

Ni kweli nawasha mashine. Nilidanganya na sioni raha kuandika hivyo.

Barua za Baba yako mdogo hazimo humo. Alizokuwa anapiga alizitoa zote kwenye karatasi, unamjua, hakuwahi kuamini kitu asichoweza kukikunja na kutia mfukoni. Kwa hiyo usihangaike kuchapa.

Lakini lile neno lako la kufuta limeniuma. Umeliandika kama mtu anayefuta ubao. Unajua nani aliinunua mashine ile kwa wamisionari walipokuwa wanaondoka, na unajua alivyoibeba kutoka misheni, akitembea kwa miguu huku akisukuma baiskeli siku nzima asije akaitikisa. Nilimpokea mlangoni, akanipita bila salamu, akaiweka mezani kwanza, halafu ndipo akageuka akaniambia, "Haya sasa, habari za hapa." Nilinuna mpaka kesho yake. Leo nikikumbuka nacheka peke yangu jikoni, halafu kicheko kinageuka.

Darasa nalipenda, Nduwayezu. Ni kazi niliyofundishwa na yeye na ndiyo inayonifanya niamke. Najua litakufa bila hizo mashine zako, usidhani sijui kuhesabu madawati matupu. Lakini nikikupa hii leo, uifute, ninabaki na nini? Kuna mambo yanatakiwa kutangulia, na si mimi wa kuyasema. Wapo wa kuyasema. Nimewangoja tangu tumzike, mwaka wa tatu huu.

Kwa hiyo usije na disketi zako. Ukija, njoo bure, kunywa uji.

Na kitu kingine. Barua zako zote za zamani zilijaa ofisi: bosi kafanya hivi, lori la ofisi limekwama vile. Mwaka huu huandiki chochote kuhusu kazi isipokuwa mashine mlizogawiwa. Ofisi ikianza kugawa vyombo vyake, mwenye nyumba anahama. Unanificha nini?

Esteri


Kibondo, 28 Juni 1998

Mama mdogo,

Aline amejifungua salama. Ni msichana, ana sauti ya kumzidi mchungaji, na tumemwita Niyitegeka. Mama yake anakula dagaa tena.

Barua yako niliisoma mara nyingi nisiielewe. "Kuna mambo yanatakiwa kutangulia." Nilikasirika, sikufichi. Nikajisemea, mama huyu anataka nini, nampa darasa yeye ananipa mafumbo. Nikamsomea Séverin lile fungu tukiwa stoo. Akaacha kufunga disketi, akaniangalia.

"Bwana ya huyu mama, matanga yake mulishaondoa?"

Nikamwambia tulimzika Baba mdogo vizuri, kanisani, watu wakajaa.

"Sikuuliza kuzika. Nauliza kuondoa. Famille mulishakaa chini, mukamwambia mama kilio imeisha?"

Nikamwambia hatujakaa. Akatikisa kichwa. "Bon. Kilio haiyaisha, na wewe unakuja na disketi kufuta vitu ya mufu. Angekufukuza hata na jiwe."

Nilikaa juu ya gunia. Mama mdogo, ni kuganduka, kule kuondolewa kilio. Hatujakugandura. Mwaka ule ndugu walikuwa wametawanyika, wengine wanavuka mpaka wakikimbia vita, wengine tunawatafuta kambi za wakimbizi, kila mtu akasema tutafanya watu wakipatikana. Kisha tukazoea. Neno hilo hutoka upande wa mume, mjane haliombi, hata mtoto wa kwetu anajua. Na katika nyumba ya baba na Baba mdogo aliye mkubwa huku sasa, tangu baba afariki, ni nani? Ni mimi. Uliyekuwa unamngoja ndiye aliyekuwa anakuandikia habari za waya.

Naona aibu kubwa. Nimeongea na wewe miezi mitano kama fundi na mteja.

Basi nasema sasa, kama ninavyotakiwa kusema. Sisi watoto wa ukoo wa Ntirampeba tunakuja kukuondolea kilio cha mumeo, Jumamosi ya katikati ya Agosti, baada ya mavuno ya maharage. Nimeshamtumia ujumbe mzee Hatungimana kule Gwarama, binamu yake marehemu, aje kusimama nami. Akinijibu atakuwa ananigombeza, lakini atakuja.

Kuhusu kazi umeniotea. Ofisi inafungwa mwisho wa mwaka. Sikutaka kukuambia kwa sababu nilikuwa nimeshajiona nimekaa chumba chako cha mbele nikifundisha kompyuta, wewe ukifundisha vidole, na niliogopa ukijua kwamba nakuhitaji utakubali kwa huruma. Sasa unajua. Mashine usiifikirie kwanza. Tutakuja bure, tunywe uji.

Mwanao,
Nduwayezu


Heru Juu, 19 Julai 1998

Mwanangu, baba wa Niyitegeka,

Nilisoma barua yako nimesimama. Nikaketi. Nikaisoma tena, halafu nikaenda shambani nikalia huko, maana hapa nyumbani wasichana walikuwa wanapiga chapa na sikutaka wapoteze mstari. Urakoze, mwanangu, asante. Nimefurahi, nimefurahi kweli, na nina huzuni pia, sijui vimekaaje pamoja ndani ya mtu mmoja.

Mambo ya Jumamosi ile yamekwishaanza kunichosha. Hatungimana ametuma salamu kwamba haiwezekani kuganduka bila pombe ya mtama. Mchungaji amesema pombe haiwezekani. Nimeamua itakuwa juisi ya ndizi mbivu kwa wote, na mzee akitaka kuificha ikae siku mbili tatu ichachuke, hilo ni lake na Mungu wake. Mbuzi nimepata.

Ofisi kufungwa, pole sana. Na usinitukane tena kwamba nitakupokea kwa huruma. Nani mwingine atanibebea jenereta ya Niyibizi ikifa? Chumba kipo.

Sasa na mimi nikuambie la kwangu, kwa kuwa umesema neno lililokuwa limenifunga mdomo.

Mashine ilipofika niliiogopa. Mimi niliyekuwa napiga chapa gizani! Nilidhani nikigusa pasipostahili italipuka, au itafuta kazi za watu. Baba yako mdogo akanibembeleza wiki nzima, nikakataa kuisogelea. Asubuhi moja akaniita, akaniambia iwashe tu, bonyeza hapa, mimi natoka nje. Akatoka kweli. Nikabonyeza. Ikakoroma, ikahesabu hesabu zake, halafu kwenye kioo yakatokea maneno ya kuniamkia: "Waramutse Esteri. Usiogope. Kaa hapa." Nikapiga kelele. Yeye alikuwa dirishani anacheka mpaka ameshika ukuta.

Aliyaandika kwenye faili moja linalosomwa mashine inapoamka. Hakuyaondoa tena, akasema mashine imeshanizoea. Na alipokufa, Nduwayezu, nyumba ilipobaki tupu na watu wote wamekwenda makwao, niliiwasha nipate kitu cha kufanya, na yeye akanisalimia. Kila asubuhi tangu siku hiyo ananisalimia. Nasoma, nazima, naenda kufundisha. Ndiyo hiyo tu niliyokuwa naificha.

Niambie ukweli. Ukiweka huo mfumo wa Séverin, maneno yale yanakufa?

Esteri


Kibondo, 2 Agosti 1998

Mama mdogo,

Mtoto mzima, mama mzima. Hatungimana amejibu, na alinigombeza kurasa tatu. Atafika Ijumaa na basi la mchana.

Sijui niandike nini kuhusu maneno yale. Nimewahi kuyaona, unajua? Nikiwa likizo, nilikuta kioo kimeandikwa jina lako nikadhani ni sehemu ya DOS, nikadhani kompyuta zote za Kasulu zinamsalimu mama mdogo wangu. Nilivyokuwa nakupenda sikuona ajabu yoyote.

Ukweli ni huu. Tukifuta diski yote, yanakufa. Yako ndani ya DOS, na DOS ikiondoka inaondoka nayo. Lakini nimekaa na Séverin jana yote, na njia ipo. Tunaweza kuigawa diski. Tunaacha kipande kidogo cha DOS mwanzoni, na faili lake humo humo, bila kuligusa. Mashine ikiwashwa itaamkia kwenye DOS, itakusalimu kama kawaida, halafu DOS yenyewe itaiita Linux, na kazi za darasa zitaendelea. Tutapoteza nafasi kidogo ya wanafunzi, wala hawataona. Séverin anasema fundi wa kweli angeona ni uchafu kuchanganya hivyo, kisha akasema fundi wa kweli hajafiwa na mume.

Kama hutaki hivyo, naweza kuyaandika upya maneno yale ndani ya Linux. Hilo ni jambo dogo.

Na kama hutaki mashine iguswe kabisa, isiguswe. Nitakuja na zile mbili na zitakaa pembeni. Nitatafuta kazi nyingine. Nasema hivi kwa moyo mweupe, usitafute kitu nyuma yake. Kuganduka si bei ya kompyuta. Uamue wewe, na utaniambia kwa mdomo tukishakula mbuzi.

Nduwayezu


Kibondo, 13 Septemba 1998

Mama mdogo,

Tulifika salama, tukiwa tumebana mizigo ya Hatungimana magotini mpaka njia panda. Ile juisi yake ilimwaga povu kila gari likiruka, na wote tukajifanya hatunusi kitu.

Nashukuru kwa siku ile. Nilipokuwa nasema yale maneno mbele ya watu, kwamba kilio kimeisha, kwamba Esteri sasa alime, apande, avae anavyotaka, acheke, nilikwenda neno kwa neno nisikosee. Sijawahi kusema kitu kizito hivyo kwa kinywa changu. Wewe ulikuwa umeinama, sikukuona uso.

Hapa tunafungasha. Kila siku kabati moja linaondoka. Disketi ile ya mwisho iliyokuwa imeharibika, iliyotuchelewesha siku nzima kwako, Séverin ameipigilia msumari ukutani mwa stoo kama ngozi ya chui aliyemuua.

Asubuhi iliyofuata kuganduka, uliponiambia "futa yote, usiache kipande," nilifanya ulivyosema. Sikuuliza na siulizi. Niambie tu kama mashine inaamka vizuri, na kama zile mbili zinaiona.

Tutakuja wote Desemba, na vyombo.

Nduwayezu


Heru Juu, 11 Oktoba 1998

Mwanangu,

Amahoro kwako, kwa Aline na kwa mwenye sauti. Mvua zimeanza vizuri mwaka huu, kwa adabu. Nimepanda maharage kwa mkono wangu na goti halikusema kitu.

Mashine inaamka. Zile mbili zinaiona. Wasichana wamejua ndani ya wiki moja mambo ambayo mimi bado nauliza, na wawili waliokuwa wamehamia mjini wamerudi, wanasema yule bwana ana mashine moja tu na foleni. Niyibizi amepandisha bei ya umeme wake, nikamkumbusha mdomo wake wa Aprili, akaishusha.

Hukuuliza, na nimekushukuru kwa kutouliza. Sasa nitakuambia.

Asubuhi ile, kabla hamjaamka, Niyibizi aliwasha jenereta. Nikaenda chumba cha mbele, nikawasha. Akanisalimia. Nilikuwa nimekaa pale nikijua kwamba una njia ya kumbakiza, nikaona raha, nikasema nitamwambia mwanangu aache kile kipande. Halafu nikayasoma tena maneno yenyewe, nikayasoma kama mtu anavyosoma barua, siyo kama mtu anavyotazama picha. Anasema usiogope. Nikajiuliza, naogopa nini? Nikatafuta, mwanangu, nikapekua kila mahali. Siogopi mashine. Siogopi nyumba. Hata usiku wa mvua siogopi. Aliyaandika yale kwa mwanamke aliyekuwa anatetemeka, na mwanamke huyo alishatoka chumbani siku nyingi, ila hakuna aliyekuwa amemruhusu. Nikamwambia nimekusikia, mume wangu, asante. Nikazima. Wewe ukaingia na disketi zako na macho ya usingizi.

Na nilikukataza usiyaandike upya ndani ya Linux kwa sababu ungekuwa wewe unayenisalimu. Ukitaka kunisalimu, njoo mlangoni.

Nimelia tangu siku ile? Nimelia. Asubuhi ya kwanza niliwasha nikangoja kwa mazoea, na yakapita mistari mingi myeupe, ya haraka, ya Kiingereza, hakuna hata mmoja unaonihusu. Nilidhani nimekosea. Ilikuwa kama siku ya kuzika.

Kisha mistari ikasimama. Mfumo huu wako haunijui. Ule wa zamani ulikuwa unaniita kwa jina kabla sijakaa, huu unakaa kimya na kijistari kinachopepesa, unataka uambiwe kwanza aliyekaa mbele yake ni nani. Hukuniambia kwamba ungeuliza hivyo, au uliniambia na sikusikia. Kwa miaka mitatu watu wamekuwa wanajua jibu kabla yangu: mjane wa Ntirampeba, mama wa chapa, maskini yule. Hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Nilikaa kidogo nikiutazama mstari ule. Wasichana wakasimama nyuma yangu wakidhani mashine imekwama, mmoja akasema, "Mama, andika tu jina."

Nikaandika Esteri. Ikafunguka.

Mama yako mdogo,
Esteri